Baba Yetu Sentimita na Kiti Kisichorudi Nyuma

Mwaka umetimia, Baba, tangu karakana yako ya useremala ifungwe na penseli yako ibaki juu ya meza bila sikio la kukaa. Hatujazoea. Mjukuu wako mkubwa bado akipita pale anasema, "Babu yumo ndani," na hakuna kati yetu mwenye moyo wa kumsahihisha.

Watu walikuita Sentimita kwa sababu hukuwahi kukisia kitu. Jikoni ulipima meza kwa kiwiko cha Mama. Mteja akikuambia, "Kata tu, fundi, itaenea," ulimtazama kana kwamba amekutukana. Na jirani asiye na kitanda alikipata, ukidai ni mbao zilizobaki. Mbao zako zilibaki nyingi mno, Baba.

Ndiyo maana tulikucheka sana kwa lile gari. Ulinunua basi dogo lililochoka, ukalitia kitanda, kabati na jiko la gesi, ukamwambia Mama mwende mkaione pwani yote, taratibu, mlale humo humo. Kila kitu kilikaa sawasawa isipokuwa kiti cha dereva. Kilikuwa mbele mno, na wewe mrefu kama ngazi. Magoti yaligonga usukani. "Reli imekwama," ulisema. "Nitaitengeneza tukirudi." Fundi mzima!

Siku kumi na moja mlitambaa kwenye barabara ya pwani. Malori yaliwapigia honi, mkayapisha. Mlichemsha chai mkitazama miamba, mkaanika taulo kwenye vioo vya pembeni, mkasimama popote Mama aliposema "hapa." Na kila alasiri ulisugua magoti ukasema, "Mama watoto, hebu shika usukani wewe kidogo, nimechoka."

Mama alikuwa na leseni tangu ujana, lakini siku alipogonga geti ndiyo ilikuwa mwisho wake wa kuendesha. Alinung'unika, akashika. Siku ya mwisho aliendesha peke yake kupanda kilima chenye mnara wa taa za meli, bahari ikiwa chini kabisa upande wake, wewe umejilaza kitandani nyuma ukijifanya unakoroma. Mlipofika juu alitupigia simu akicheka: "Baba yenu kazeeka, jamani. Hata kiti kinamshinda!"

Wiki tano baadaye ulikuwa wodini. Daktari alidhani tunajua. Ulikuwa umeambiwa miezi saba nyuma kwamba ugonjwa wako hauponi, kabla hata hujalinunua lile basi.

Tukuambie ukweli: Mama alikukasirikia. Alilia msibani, lakini watu walipotawanyika aliigeuza picha yako ikatazama ukuta. "Miaka thelathini na minne," alisema, "halafu ananificha hilo? Ananitembeza pwani kama mgeni, nami namcheka magoti?" Gari akalifunika turubai. Mwezi uliopita akatuambia, "Liuzwe. Sitaki kuliona."

Mnunuzi alikuja Jumamosi, mwalimu mstaafu, mrefu kama wewe. Alikaa, magoti yakagonga. Makanika aliyekuja naye akaingiza kichwa chini ya kiti na tochi, akakaa huko kitambo.

"Mama," akasema, "hiki hakijakwama. Kimefungwa. Bolti nne mpya, na kuna kipande cha mbao kimechongwa kuizuia reli. Halafu kimeandikwa."

Alikitoa, akampa Mama. Ni mwandiko wako wa penseli: *Mguu wa Mama watoto, nyonga hadi kisigino, sentimita themanini na nne.* Umepigia mstari mara mbili, kama ulivyofanya kwa vipimo ambavyo hukutaka mtu avibadilishe.

Mama hakulia. Alimwomba mwalimu radhi, akasema gari haliuzwi, kisha akapanda kitini. Miguu yake ilizifikia pedali vizuri kabisa. Alizungusha ufunguo, betri ilikuwa imekufa, gari halikutoa hata sauti. Akabaki hapo, mikono kwenye usukani, mpaka chai tuliyomwekea ikapoa.

Hasira haijamwisha, Baba. Amesema tusikudanganye. Lakini picha yako inatazama sebule tena, kipande chako cha mbao kimerudishwa chini ya kiti, na makanika ameagizwa betri.

Tunaokukumbuka ni mkeo. Sisi wanao watatu. Mkweo, anayetumia randa yako kwa uangalifu. Wajukuu zako wawili. Dada yako, ambaye bado anakukaripia kwa kuondoka kabla yake. Na mafundi wenzako wote wa karakana. Maadamu tupo, hutasahaulika.

Mstari wa mwisho Mama ameomba uwe wake:

Baba watoto, ungeniambia tu. Pole kwa magoti.