Faili la Mfano

Busia, upande wa Uganda
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Sekela,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini umekubali kukaa kitini unapopima wajawazito, kama daktari alivyokuomba, ingawa nakujua. Shemeji amemaliza kuvuna viazi? Na Bupe, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima, chakula kinapita. Usingizi ndio unaonipiga chenga, na ndiyo maana ya barua hii. Ukinipigia simu ukaniuliza habari, nasema nzuri, tunaagana. Hii ni karatasi ya tatu leo. Mbili nimezichana. Katikati nimetoka mara mbili hadi karibu na geti la mpaka, nikazunguka kwenye mabanda ya nguo za mitumba, nikarudi bila hata kuuliza bei.

Kazi yangu huku unaijua juujuu tu, kwa hiyo nianze hapo. Shirika letu ni dogo, ofisi ni vyumba viwili Tororo mjini. Tuna pikipiki tatu zenye kitanda cha magurudumu nyuma: moja iko Kwapa, moja Merikit, moja Sikuda. Mama akishikwa na uchungu, mhudumu wa afya wa kijiji anafungua ukurasa wetu kwenye simu yake, anabonyeza jina la eneo, na mfumo niliouandika mimi unamtumia ujumbe dereva wa huko. Ujumbe ukitoka, mhudumu anaona alama ya kijani. Akiiona, anatulia kungoja pikipiki.

Namba za madereva haziko ndani ya programu. Ziko kwenye faili la pembeni, faili la mipangilio, na programu ikiamka hulisoma kwanza. Dereva akibadili laini, tunarekebisha mstari mmoja tu. Lakini palikuwa na faili la pili, la mfano, nililolitumia siku za majaribio. Humo namba zote tatu zilikuwa moja, ile laini yangu ya zamani ya huko nyumbani niliyoacha kuitumia. Na niliandika hivi: programu isipoliona faili la kweli, isome la mfano na iendelee na kazi. Nilifanya kwa uvivu, dada, ili isinisumbue nikiwa najaribu. Kisha nikasahau kuitoa amri hiyo.

Miezi yote tangu tuanze kazi, programu nilikuwa naiwasha kwa mkono, nikiwa ndani ya folda yake, na faili la kweli liko hapohapo. Umeme wa huku unakatika ovyo, kwa hiyo wiki mbili kabla ya mkasa nikapanga mashine iiamshe programu yenyewe kila inapowaka. Nilijisifu kwa hilo mbele ya wenzangu. Kumbe mashine huiamsha ikiwa imesimama mahali pengine kabisa, nje ya folda ile, na mimi nilikuwa nimeiambia itafute faili "hapa ulipo". Sikuiandikia njia yote ya kufika lilipo.

Jumanne asubuhi umeme ukakatika, mara ya kwanza tangu nipange hivyo, ukarudi baada ya dakika chache. Nilifungua ukurasa, ukafunguka vizuri. Nikaenda kunywa chai.

Saa tatu, kule Kwapa, binti mmoja anaitwa Adeke, mimba yake ya kwanza, akashikwa na uchungu. Mhudumu akabonyeza. Kijani. Wakangoja. Akabonyeza tena. Kijani. Mama mkwe wake, Mama Amoding, akasimama barabarani kuangalia vumbi la pikipiki. Mpaka saa sita hakuna kitu, wakampandisha Adeke kwenye baiskeli, wanaume wawili wakimshikilia. Alijifungua njiani, kando ya shamba la mihogo. Mtoto wa kike, akalia vizuri. Lakini damu ya mama haikukatika. Gari la kubeba matofali likawasaidia hadi hospitali Tororo, na madaktari wakamwokoa. Kumwokoa kulikuwa ni kumtoa kizazi. Wewe unajua zaidi yangu maana yake kwa msichana aliyeolewa mwaka jana.

Jioni ile mkuu wetu, Bwana Owori, akamwita Opio, dereva wa Kwapa. Opio akasema alikuwa amekaa juu ya pikipiki asubuhi nzima, simu mkononi, na hakuna ujumbe ulioingia. Akatoa simu waikague. Mtu akasema ameufuta. Owori akanigeukia akaniuliza mfumo unasemaje. Nikageuza kioo cha kompyuta wakaona wote: jumbe mbili, Kwapa, kijani, kijani. Mimi ndiye niliyewaonyesha, dada, kwa kidole changu. Opio akaweka ufunguo wa pikipiki mezani akatoka.

Jumatano yule dereva wa Merikit akapiga simu kuuliza mbona siku mbili kimya, kina mama wameacha kuzaa? Alikuwa anatania. Nikafungua kumbukumbu za mashine, na mstari wa kwanza kabisa baada ya umeme kurudi ulisema faili la mipangilio halikupatikana, linatumika la mfano. Maneno hayo niliyaandika mwenyewe. Yalikuwa pale tangu jana yake, na hakuna aliyeyasoma, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikaandika njia kamili ya faili, nikaiwasha upya, nikajaribu na dereva wa Sikuda. Ujumbe ukamfikia palepale. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Nikaenda kwa Owori. Alifunga mlango, akanisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, nisije nikamchora vibaya. Alishika kichwa, kisha akasema tuseme ni mtandao wa simu ulikuwa chini. Nikamuuliza, na Opio? Akasema Opio ni dereva, atapata kazi nyingine. Halafu akasema neno ambalo mpaka sasa linanizungusha.

"Atupele, ukiwaambia mashine ilidanganya, ni mama gani atabonyeza tena?"

Akaniomba ningoje kwanza azungumze na wakubwa wake. Nikangoja. Alhamisi nzima nilikuwa kila baada ya nusu saa nautumia mfumo ujumbe wa majaribio, nampigia dereva kuuliza kama umefika, mpaka yule wa Sikuda akaniuliza kwa upole kama naumwa. Chakula nikipika nakiacha jikoni. Nikikaa nasimama.

Ijumaa nikakutana na Opio hapa Busia, karibu na mpaka. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia ya mahindi ya watu, anavusha kwenda Kenya. Nilitaka kupita upande wa pili. Akaniona, akasimama, akafuta jasho, akanisalimia kwa heshima zote. Kisha akauliza, kwa Kiswahili cha huku, "Sista, ile mashine bado nasema mimi ni mwongo?"

Nikamwambia palepale barabarani, watu wakipita katikati yetu. Nilimwambia ujumbe haukwenda kwake, ulikwenda kwenye laini yangu iliyokufa, na kwamba mimi najua tangu Jumatano. Nilidhani atanitukana. Alitazama magunia yake, akayakaza kamba ambayo haikuwa imelegea. Halafu akasema mtu wa kuambiwa si yeye. Watu wa Kwapa walikuja nyumbani kwake wakamtukana mbele ya watoto wake. Kama nina maneno, tuyapeleke huko.

Nikampigia Owori nikamwambia kesho nakwenda Kwapa. Akasema hajanituma. Nikasema najua. Hakunikataza tena.

Jana tukaenda. Adeke alikuwa ametoka hospitali siku ileile, amelazwa kwenye mkeka ndani, mtoto ubavuni. Mama Amoding akatuletea viti nje. Alipomwona Opio uso ulibadilika, mume wa Adeke naye akainuka, na Opio akabaki amesimama, mikono nyuma. Nilianza kusema kabla hakijaharibika kitu. Nilieleza bila kupamba: umeme, faili, namba yangu, uvivu wangu, na kwamba siku ile nilimwonyeshea Opio kidole huku kosa likiwa langu. Nilieleza vibaya, nikirudiarudia. Mume wa Adeke alitazama chini muda wote. Nilipomaliza alimwendea Opio, akampa mkono, akamwomba radhi kwa yale matusi. Kwangu hakuja.

Mama Amoding ndiye aliyesema.

"Wewe nasema faili. Mimi sijui faili. Mimi nasimama barabara saa tatu, saa nne, saa tano, kwa sababu simu nasema imeenda. Kama simu nasema haijaenda, mimi nachukua baiskeli saa tatu."

Alikuwa amepagusa penyewe. Kama programu ingekataa tu kuamka, wangejua mapema, na wangefika hospitali mtoto bado yuko tumboni.

Akaniuliza kesho mwingine akibonyeza itakuwaje. Nikamwambia lile faili la mfano nimelifuta, na amri ya kulitafuta nimeitoa. Sasa programu ikikosa faili la kweli haiamki kabisa, ukurasa unaandika kwa herufi kubwa kwamba huduma haipo, tafuteni usafiri mwingine, na simu yangu inalia. Na kijani hakiwaki mpaka dereva mwenyewe ajibu kwamba ameupata. Akasema, "Basi enda, angalia hiyo kitu. Hapa usikae."

Hakusema kwa ukali. Sikujua kama ananifukuza au ananituma. Nikaomba kumuona Adeke. Akaniruhusu kuchungulia mlangoni. Adeke alinitazama, akamvuta mtoto karibu, akageukia ukutani. Nikarudi nyuma.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, Owori ameniandikia. Opio anarudi kazini kesho, na Jumatatu hiyohiyo anakwenda na Owori mwenyewe kuzungumza na wahudumu wa vijiji vyote, kuwaambia ukweli. Wakubwa wake wamekasirika lakini hawajafunga ofisi. Kuhusu mimi, karatasi ya mkataba mpya iko mezani, niisaini kabla ya Ijumaa au niiache. Amesema hatanisukuma upande wowote. Kwa hiyo sasa begi langu liko juu ya kitanda, nusu limejaa. Naweka nguo, nazitoa. Nikifikiria kukaa naona ule ukuta aliougeukia Adeke. Nikifikiria kuondoka nawaona kina mama wa Kwapa wanabonyeza mfumo ambao aliyeuandika amekimbia.

Nisalimie shemeji, mwambie viazi vyake navikumbuka kila ninapokula hivi vya huku. Shangazi Tusekile, mwambie kitenge chake nimekipata na nitampa mtu anayekuja. Bupe na Lusajo wabusu, na mchungaji umwombe aniweke kwenye sala za Jumatano bila kutaja sababu.

Kuna jambo moja, dada, ndilo lililonifanya nisichane karatasi hii nayo. Nilikuwa darasa la nne mwaka ule yule mama kutoka kule juu alipofia mikononi mwako kwenye chumba cha kujifungulia pale zahanati, na watu wakasema ulichelewa kumpeleka hospitali. Ulirudi nyumbani, ukafua sare yako, ukaianika uani, hukuongea na mtu. Kesho yake asubuhi ukaivaa ikiwa na unyevunyevu, ukaenda kazini. Mimi nilikusindikiza hadi njia panda. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza.

Uliingiaje tena kwenye chumba kile?

Mdogo wako anayekungoja,
Atupele