Mwenye Kichwa Aanze

Jumamosi, 12 Machi 1977

Gazeti la picha limefika! La zamani kidogo, limekunjwa ndani ya vitenge anavyouza Faustino tangu Bukavu, lakini nani anajali. Alilisukuma chini ya mlango akaenda zake. Kwa jirani mpiga chapa kulikuwa na wageni wawili wenye miwani ya jua, na mvua inanyesha.

Walikuwepo watatu. Safinah wa mandazi, Alum na Anena. Kichwa kilikuwa cha Anena. Tangu mawigi yapigwe marufuku mimi sikosi kazi ya kusuka, Wandegeya yote inataka nywele za uzi.

Sheria ya chumba changu haijabadilika. Anayengoja ananishikia gazeti mbele ya macho. Mimi nasoma Kifaransa, nasema Kiswahili, mikono haisimami. Mwenye kichwa haoni picha hata moja maana ameinamishwa mpaka magotini — kwa hiyo yeye ndiye anayeanza kusema. Mpaka amalize, wengine kimya. Hata Safinah, na Safinah kunyamaza ni kazi.

Leo ilikuwa sehemu mbaya. Kapteni Tessar amefikisha meli yake ya angani kwenye Lango la Wenye Chuma. Meli imejaa familia zinazotafuta dunia mpya. Wenye Chuma wanadai mtu mmoja, la sivyo hawapiti. Na Tessar — huyu huyu aliyewatoa watoto kwenye mgodi wa mwezini, huyu ambaye Safinah anapenda ndevu zake — akamtoa Luvik, rubani wake. Meli ikapita.

Anena alianza. "Huyo iko muuaji. Walikuwa nakula sahani moja na Luvik, mimi nakumbuka. Muuaji, basi."

Alum akasema ndani ya meli kulikuwa na watoto, kapteni angefanya nini?

"Angejitoa yeye!" Safinah akapiga paja. "Banange! Kapteni gani natoa Ruviki, yeye nabaki na ndevu yake?" Luvik kwake ni Ruviki.

"Na meli nani ataendesha?"

"Wewe Alum unampenda sana huyo kapteni. Odur mumeo anajua?"

Tukacheka. Walibishana mpaka uzi ukaniishia. Hapa mjini huwezi kubishana juu ya mtu yeyote. Juu ya kapteni wa kwenye nyota unaweza, na wanatumia nafasi hiyo vizuri.

Jumapili, 13 Machi

Misa. Niliimba. Mume wangu Mushagalusa alikwenda Jinja na mzigo mwezi wa kumi, hajarudi, na leo kwenye sala ya marehemu sikujua nimtaje au nisimtaje. Nilingoja niumie. Hakuna kitu. Ni jino lililochomwa sindano ya ganzi — unaligusa, unajua ni lako, basi.

Alasiri nilipika maharage. Yaliungua kidogo.

Ijumaa, 18 Machi

Faustino amepita mikono mitupu. Mpaka umefungwa tena, au wanaoufungua wanataka hongo kubwa, sikuelewa. Hakuna gazeti wiki hii.

Anena naye alipita, anatoka getini. Mume wake Okeny alikuwa polisi. Watu wa miwani ya jua walimchukua mwezi uliopita nyumbani kwao Naguru, mchana, nguo za kufua ziko mikononi mwake. Nyumba ikapewa watu wengine. Sasa Anena analala kwa binamu yake Nsambya, kwenye nyumba za reli, na watoto. Kila Ijumaa anapeleka chakula kwenye lile geti la kijani wanakofungiwa watu. Askari anachukua sahani, anaingia, anairudisha tupu.

"Tupu kabisa, dada. Amelamba." Akanionyesha sahani. "Mtu amekufa halambi sahani."

Nikasema ni kweli. Ningesema nini? Mimi nilikwishapeleka sahani kwenye mageti mengine, na zote zilirudi tupu. Askari nao wana njaa.

Jumamosi, 19 Machi

Walikuja wote ingawa niliwaambia Faustino hakuleta kitu. Wamekaa. Wananitazama. Safinah akasema, "Sasa nyabo, tutabishana juu ya nini, bei ya sukari?"

Basi nikasoma. Nilichukua gazeti la mwaka jana, nikalibandika ukutani mbali na macho yao, nikasema limefika asubuhi. Kichwa kilikuwa cha Alum. Nikatunga: Luvik yuko hai. Wenye Chuma wamemfungia ndani ya shimo, giza, lakini anapewa uji. Siku moja anasikia mlio wa meli yake inapita juu. Anaujua mlio ule. Anagonga ukuta.

Sijui ilitoka wapi. Mdomo ulikuwa unaenda wenyewe kama mikono.

Alum ndiye mwenye neno la kwanza. Alisema hana neno. Haijawahi kutokea.

Anena alikuwa amesimama. "Si niliwaambia? Anapewa uji! Kapteni anarudi kumchukua, si ndiyo?"

Nikasema tusubiri gazeti lijalo. Alinikumbatia, mimi na kitana changu. Alikuwa na furaha kweli, na mimi niliiona furaha hiyo kwa mbali, upande wa pili wa barabara.

Jumatano, 23 Machi

Safinah ameniambia sokoni. Kaka yake Anena amekuja kutoka Kitgum kumchukua yeye na watoto. Kwenye nyumba za reli watu wameanza kuuliza-uliza wake za polisi fulani wako wapi. Anena amekataa kusafiri. Amesema atamngoja Okeny atoke. Kaka amekasirika lakini hakuondoka, atavumilia mpaka Pasaka. Jumatatu ya Pasaka anapanda basi, nao au bila wao.

"Na unajua anasema nini?" Safinah anacheka huku anageuza mandazi. "Anasema hata Ruviki alifikiriwa amekufa!"

Nilinunua mandazi. Sikuyala.

Jumamosi, 26 Machi

Hakuna gazeti, wala sikutunga. Nilisema Faustino anaumwa. Wakabishana ya zamani, kichwa ni cha Safinah, na Safinah akipewa neno la kwanza analitumia mpaka mfupa. Kwamba kapteni ni mwoga. Kwamba anayetoa rafiki leo, kesho atatoa mama yake. Kwamba hizo ndevu anyoe!

Alum alikuwa anashika uzi. Ghafla akasema, hakungoja zamu, "Kama angekataa wangechukua wote. Wote! Sasa angalau amekufa mmoja."

"Nani amekufa?" Safinah akainua kichwa, nikakishusha. "Ruviki nagonga ukuta, wewe ulikuwa wapi?"

Anena akacheka. "Alum hasikilizi siku hizi."

Alum akaanza kuviringisha uzi ambao ulikuwa umeshaviringishwa. Anena hakuona kitu. Mimi niliona. Nikaendelea kusuka, mistari ilitoka imenyooka sana.

Odur mume wa Alum ni sajini wa polisi. Naguru walikuwa mlango kwa mlango na Okeny. Okeny alichukuliwa, Odur alibaki.

Jumatatu, 28 Machi

Alum alikuja peke yake asubuhi. Hakutaka nywele. Alifunga mlango akakaa kwenye kigoda cha wateja, akainamisha kichwa kwa mazoea, na kwa mazoea mimi nikasimama nyuma yake. Tukazungumza hivyo.

Watu wa usalama, wale wa miwani, walimwita Odur ofisini kwao. Wakataka jina la mtu anayeongea na waliokimbilia Tanzania. Jina moja. Wakasema bila jina, jina ni lako. Alum ana watoto wanne na mmoja tumboni. Odur akataja mlango wa pili.

"Okeny hakuongea na mtu," Alum akasema. "Alikuwa nafuga bata tu."

Nikamwuliza kama yuko hai.

"Odur alimwona kwenye lori. Jioni ile ile. Dada, hakuwa hai." Kisha: "Umwue yule rubani."

Sikuelewa mara moja.

"Kwenye gazeti. Sema amekufa, sema wameonyesha kaburi. Wewe ndiye umempa uji, sasa Anena amekaa hapa, wale watu watamfikia na watoto. Akisikia Luvik amekufa atalia, atapanda basi."

Kumbe alijua kwamba nilitunga. Anajua Kifaransa kidogo cha picha, wakati wa kutoka aliona tarehe.

Nikamwambia amwambie mwenyewe. Yeye ni rafiki yake, mimi msusi.

"Nikimwambia amekufa, ataniuliza nimejuaje."

Nilimshika kichwa kwa muda, nywele zake ni laini, hazishiki uzi vizuri. Hasira sikuwa nayo. Nilimtafutia hasira kwa haki kabisa, kwa niaba ya Anena, sikuipata. Nikasema sawa, nitamwua.

Jumamosi, 2 Aprili

Nilijiandaa. Kaburi, upepo, kofia ya rubani juu ya jiwe.

Anena akaingia na ile sahani, tupu, ameitandika kitambaa safi. Jana alipeleka samaki. "Hata miiba hakuacha!"

Nikasema Faustino bado anaumwa. Alum alinitazama. Nimeshindwa kuua mtu wa karatasi.

Alhamisi, 7 Aprili

Faustino! Hajui kwamba alikuwa mgonjwa. Ameleta gazeti, moja, limelowa pembeni. Nilikaa chini sakafuni nikalisoma.

Hakuna shimo. Hakuna uji. Luvik hatajwi kama yuko hai wala kama amekufa, wameacha tu. Ni Tessar peke yake: meli imetua kwenye dunia mpya, watu wanashangilia, wamemvisha maua. Anayavua. Anatembea mji mzima mpaka nyumba ndogo ya mwisho. Ni ya mke wa Luvik, aliyetangulia na meli ya kwanza. Picha ya mwisho kubwa, ukurasa mzima: mlango, na mkono wa kapteni umeinuliwa. Haujagusa mbao. Chini wameandika itaendelea.

Nililikunja. Nikalikunjua. Hata mwandishi hakuthubutu.

Jumamosi, 9 Aprili

Kesho Pasaka. Tangu asubuhi vichwa juu ya vichwa, vidole vyangu vimechanika kwa uzi. Safinah nilimmaliza saa ya chakula, akakaa kubishana ingawa yeye Pasaka haimhusu. Kisha Alum. Anena akaja wa mwisho, kaka yake amempa mpaka Jumatatu alfajiri na yeye amesema tena haendi. Ameleta kitambaa kipya cha sahani.

Alum alikuwa chini ya kitana, nusu. Kushoto nyuzi zimesimama zote, kulia bado kichaka. Anena akaona gazeti kwenye rafu.

"Limefika na unanyamaza!"

Akalichukua, akalishika mbele yangu kama kawaida. Alum chini alinibana goti kwa vidole. Nilijua anataka nini. Kaburi lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Anena anaziona picha, na maua, na nyumba — kaburi ningeliweka wapi?

Nikasoma yaliyoandikwa. Maua. Mji. Mlango. Mkono.

"Halafu?" Anena akafunua nyuma. Tangazo la sabuni.

"Imeishia hapo."

Safinah akafungua mdomo, Anena akamwinulia kidole. "Mwenye kichwa aanze." Anaheshimu sheria kuliko mimi niliyeitunga.

Tukangoja. Nilikuwa na shingo ya Alum mkononi na nilisikia inavyokaza. Nje mtu anapiga kelele ya mabasi ya Gulu. Safinah alianza kucheka kwamba leo Alum kapteni wake amemwacha njiani, akaacha.

"Huyo mwanamke ndani," Alum akasema, ameinama bado, "amepika?"

Anena akatazama picha. "Hawaonyeshi ndani. Lakini atakuwa amepika. Anamngoja mume."

"Anapikia nani sasa!" Alum akasema kwa nguvu, na akainua kichwa, na mimi sikukishusha. Uzi ukaning'inia. "Anena, twende nje."

"Nje kufanya nini, mvua inakuja. Malizia nywele."

"Twende nje, dada yangu."

Anena alinitazama mimi. Bado alikuwa ameshika gazeti kwa mikono miwili, usawa wa macho yangu, mkono wa kapteni mbele yangu kabisa. Sijui uso wangu ulionyesha nini. Kwa miezi yote hii nadhani hauonyeshi kitu. Lakini alilishusha gazeti polepole akamfuata.

Wamesimama ukutani kwa jirani wa chapa. Niliwaona kupitia mlango. Alum anaongea, hatazami juu. Anena anasikiliza, gazeti kifuani. Halafu Anena akauliza kitu kifupi. Neno moja au mawili. Alum akajibu. Safinah nyuma yangu akanong'ona, "Nini? Wanasema nini?" Nikamwambia wanabishana juu ya kapteni.

Anena hakulia wala hakupiga kelele. Alianza kutembea, kuelekea barabara ya Nsambya au ya kwenye geti, kutoka hapa huwezi kujua mpaka mtu afike kwenye kona. Alum akamfuata nyuma kidogo, tumbo mbele. Mvua ikaanza. Safinah akakimbilia mandazi yake.

Sasa naandika huku nimekaa kwenye kigoda chao. Kitana kiko hapa. Sahani ya Anena iko hapa, na kitambaa chake kipya. Nimeigusa sahani, na kifuani kuna kitu kinauma ambacho kilikuwa hakiumi.

Alum ana nusu ya kichwa. Hakuna mwanamke anayekwenda Pasaka na nusu ya kichwa, lazima atarudi. Nimeacha mlango wazi, mvua inaingia ndani, uzi wa nusu iliyobaki nimekwisha kuukata.