Ufunguo wa Tangi la Kiangazi

Mama yangu mpenzi,

Keza ametoka sasa hivi kumwogesha kuku. Nimegeuka kidogo tu kutafuta kalamu, nikasikia kelele uani, kumbe mjukuu wako kamtumbukiza kuku wa jirani kwenye beseni la maji ya vyombo, anamsugua shingo kwa sabuni na kumwambia kwa lugha yake ya kitoto atulie. Kuku kakimbia na povu lake. Mimi, mama, sikumhurumia kuku. Nilihurumia maji, maana nilikuwa nimeyapangia kazi: yatoke kwenye vyombo yaende kudeki, yakitoka hapo yanyweshe mchicha.

Basi shikamoo. Mgongo unasemaje? Na baba, bado anabishana na redio? Sisi tu wazima. Baba Keza yuko safarini na lori la viazi, atarudi wiki hii Mungu akijalia.

Uliniuliza kwenye simu tunagombania maji gani na sisi tuko ukingoni mwa ziwa, salio likaisha kabla sijajibu. Ziwa liko chini, mama, sisi tuko juu, na dumu lililojaa halijui kupanda mlima. Bomba la mtaani nalo lina tabia zake. Kiangazi linatoa siku likijisikia. Masika ndiyo utacheka: mto Sebeya unashuka na tope, maji yanakuwa kama chai ya maziwa, bomba linafungwa. Mvua inatupiga kichwani na bomba kavu!

Kwa hiyo nyumba zetu nne tulichanga, tukanunua tangi moja la maji ya paa. Wakati wa mvua kila mtu anakinga kwa ndoo zake, tangi hakuna anayeligusa. Kiangazi kikiingia ndipo linafunguliwa, kila nyumba madumu mawili kwa siku, awe na wageni asiwe nao. Ufunguo wa koki wakanipa mimi. Mama Divine, jirani wa mlango wa pili, alisema mbele ya wote, "Tumupe Mama Keza. Ye hana ndugu hapa, atapendelea nani?"

Wakasahau kwamba nina mkwe.

Mama mkwe kashuka kutoka Bugeshi, kule kwenye baridi chini ya volkano, ambako mtu anaoga akiwa na sababu. Kufika hapa kakuta joto, anataka kuoga asubuhi na jioni. Akaniomba dumu la tatu. Ulinifundisha mkwe haambiwi hapana. Nikapiga magoti, nikamwambia kwa Kiha chetu, ambacho anakielewa nusu kwa kuwa kinafanana na lugha yake, kwamba maji si yangu, ni ya nyumba nne. Akalitazama tangi, akanitazama mimi. Tangu siku ile hasemi na mimi, anasema na mtoto.

"Keza, ambia mama yako chumvi imepita."

"Keza, uliza mama yako kama hata kulala hapa iko na kifunguo."

Na Keza bado hajajua kusema hata "chumvi"!

Juzi mawingu yakajaa juu ya mlima, wote wakanijia. Tangi huwa tunalimwaga na kulisugua kabla ya mvua mpya. Mama Divine, ambaye wanakuja kumposa binti yake, alikuwa amebeba mablanketi ya nyumba nzima kichwani.

"Fungua, Mama Keza! Mvua iko nakuya. Ile mayi ya zamani iko nafanya nini mule, iko nasoma?"

"Tutasugua ikishaanza," nikasema. "Si ile ya kwanza tunaiacha ipite, ioshe majivu ya volkano kwenye paa? Muda huohuo tutamwaga."

"Bon, na haya mawingu?"

"Mawingu hayajazi dumu."

"Yooo! Mutoto wa juzi anatufundisha mvua!"

Mama mkwe naye katokea, taulo begani, sabuni mkononi. "Keza, ambia mama yako watu wakubwa wameona mvua mbele yake azaliwe."

Mama, niliikalia koki. Niliikalia kabisa, nikatandaza kitenge juu yake kama kuku anayeatamia. Nikawa najiuliza. Nikifungua na mvua isije, watoto wa nyumba nne watakunywa nini? Nikikataa na ije, nitaitwa mchoyo aliyemnyima mkwe wake maji hata mbinguni kukiwa kumejaa.

Jioni mawingu yakaenda zake Kongo, ng'ambo ya mpaka. Hayakuacha hata tone.

Kesho yake Mama Divine kaja na madumu yake, kapanga foleni, kaniuliza tu kama nimeamka salama. Lakini mama mkwe bado. Hilo ndilo linaniuma, si maji. Baba Keza akirudi atatukuta tunaongea kupitia mtoto, nami nitamwambia nini? Ila natumaini. Jana mama mkwe alikula sahani yote na hakumtuma Keza kwangu kulalamika.

Msalimie baba, msalimie shangazi mkorofi na kaka yangu mkubwa, na mama mdogo mwambie kile kitenge alichonipa ndicho

Ngoja, mama. Bati linalia. Linalia kweli! Watu wanakimbia na ndoo. Mama mkwe anapiga kelele uani: "Mama Keza! Ni we naita, si mutoto! Kuya na kifunguo na burashi, tusugue wote mbili, paa iko naoga!"

Umesikia, mama? Ni mimi anayeniita, mimi mwenyewe, na tena anacheka! Naenda, ufunguo ninao.