Farasi Wanne Kwenye Fedha

Kilima cha Kapitolio, Roma,
Siku ya pili baada ya katikati ya Mei.

Mpendwa Mjomba Nonio,

Ikiwa barua hii imekukuta mzima huko kambini Hispania, nami nimefurahi. Sisi huku hatujambo. Kikohozi cha Mama kimepoa. Je, mguu wako umepona?

Mjomba, kaa kwanza, maana nina makubwa! Macho ya Baba yameingia ukungu. Ametuficha mwaka mzima, akichonga mihuri ya sarafu kwa kupapasa. Wiki iliyopita nilimpelekea mkate na jibini karakanani, nikaubonyeza muhuri wake mpya kwenye nta nione. Ushindi, mungu wa kike, alipendeza garini mwake, lakini farasi wake wanne walikuwa na miguu kumi na tatu! Na jina la bwana Korfidio, msimamizi wa sarafu za mwaka huu, lilisomeka kinyumenyume.

Nilipomwambia, alinikabidhi tindo. "Tangu utotoni unanichezea vyuma vyangu. Haya, cheza sasa."

Nilichonga siku tatu, kila kitu kinyume, ili kwenye fedha kitoke sawa. Vidole vilichubuka, sikujali.

Korfidio akaja, dinari ya kwanza ikapigwa mbele yake. Aliigeuzageuza juani. "Mzee, farasi hawa wanahema! Mkono wako umerudi ujanani."

Baba angekubali tu, yangeisha. Lakini akasema, "Si mkono wangu, bwana. Ni wa binti yangu huyu. Mimi sioni tena."

Damas, mpiga nyundo, akanong'ona, "Mzee kajikaanga!"

Korfidio alinikazia macho. "Binti, babu yangu alikuwa na pua kubwa mno. Utaweza kuichonga?"

"Ikienea kwenye sarafu, bwana."

Mjomba, sijui ilinitokaje! Damas alishika kichwa. Korfidio akaangua kicheko, akaagiza nianze kesho yake. Sasa nachonga mimi, Baba yuko ubavuni, anapapasa kazi kwa kidole gumba na kunigombeza: "Shingo nene hiyo, mwanangu, huyo ni farasi au ng'ombe?" Sijamwona na raha hivi siku nyingi.

Nimekufungia dinari moja humu. Tafadhali, usiinywee divai.

Mama anakusalimu sana, na Baba anamsalimu shemeji yake. Nifikishie salamu kwa binamu Gavio. Mungu wetu Juno akufunike kwa mkono wake mpaka tule tena meza moja.

Wako akupendaye,
Vibidia, mchonga sarafu