Piko Hadi Viwikoni

Mji wa Kale, Mombasa
2 Agosti 2024

Dada Swafia,

Assalamu alaykum. Hujambo wewe, na joto la Maskati halijambo? Sisi huku twamshukuru Mola. Mke wangu Mwanakuu ni mzima, akusalimu sana. Mimi nami mzima, ila goti la kushoto limekataa ngazi na tumbo limekataa mshipi. Duka la makubadhi li pale pale, na bidhaa kongwe kuliko zote humo ndani ni mimi. Nakuandikia kwa kidole kimoja kwa sababu tukipigiana simu twaishia kupigiana kelele, na majirani wamechoka kusikiliza bure.

Habari ninayokuletea ni ya mwanao. Vijana wa kisiwani na wa ng'ambo ya Feri wameandaa kongamano lao pale Tononoka, tarehe kumi na saba. Wameliita "Nilivyo". Kama nilivyoeleweshwa mimi mzee wa viatu, ni kwamba mtu ajikubali alivyoumbwa, amheshimu aliye tofauti naye, kisha siku hiyo hiyo wamchague mwenyekiti wa kuwasemea mitaani: maji, taa za barabarani, vijana wanaokamatwa ovyo. Nabiha, uliyeniachia, agombea. Atahutubia kabla ya kura.

Ile mbalanga iliyomwanzia kidoleni ulipoondoka imepanda, dada. Mikono yote miwili sasa ni weupe juu ya weusi hadi viwikoni. Asema amechoka kuvaa mikono mirefu kama mtu mwenye homa. Jana kanisomea hotuba, nikamwambia ni ndefu. Akanijibu, "Mjomba, wewe wazungumza na kiatu kutwa nzima, hotuba yangu ndiyo ndefu?" Nikakificha kiatu nyuma ya mgongo, maana kilikuwa mkononi.

Nimemwambia aende. Naomba radhi zako.

Nduguyo mdogo,
Zakariya


Maskati
4 Agosti 2024

Zakariya,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, au nilikuwa mzima kabla ya kuyasoma maandishi yako.

Umepatwa na nini? Wajua fika kuwa Bi Afaf amtaka Nabiha kwa mwanawe Hadi. Watu wake waleta posa mwisho wa mwezi huu. Habari ya mikono sijawaambia, nitawaambia kwa wakati wake, taratibu. Nawe wataka kumpandisha jukwaani, mikono wazi, Mombasa nzima imhesabu madoa? Sitara, Zakariya! Aibu ya mtoto husitiriwa, haipewi kipaza sauti.

Najua nikimkataza ataenda tu, kichwa kile ni cha babake. Basi aende. Lakini Mwanakuu ampeleke kwa fundi wa hina apakwe piko jeusi, maua yaliyoshonana, kutoka vidoleni hadi viwikoni, pasionekane ngozi. Huku hata watoto wa shule hupakwa, na hakuna anayeuliza. Nimezungumza naye kwa simu, nimelia, amekubali. Usiniletee falsafa za dukani.

Dadako,
Swafia


Mji wa Kale
19 Agosti 2024

Dada Swafia,

Assalamu alaykum. Nakuombea afya, maana utaihitaji.

Ulivyoagiza ndivyo tulivyofanya. Mwanakuu aliniuliza, "Mwari na piko hadi viwikoni?" Akaniuliza tena njiani. Nami, bingwa wa kumwogopa dada, nikasema mkubwa kashasema. Umekaa Maskati mpaka umesahau kwenu. Hapa msichana ambaye hajaolewa hapakwi hivyo. Mikono ile ni ya bibi harusi.

Hatujauingia mlango wa ukumbi, vigelegele! Bibi mmoja nisiyemjua akamdaka mkono: "Hongera mwanangu! Umeolewa na nani?" Mwenziwe akadakia: "Siku hizi waoana kimyakimya, waogopa kulisha watu pilau." Nabiha kakaza meno. Nilijaribu kueleza, nikaulizwa kama mimi ndiye bwana harusi. Na tumbo hili!

Zamu yake ikafika. Cynthia, binti wa Likoni aliyekuwa akiongoza shughuli, akamwita. Nabiha akasimama, akasema sentensi mbili tatu za kujikubali, na kijana aitwaye Menza akainua mkono. Menza ana kigugumizi, kila neno kwake ni mlima. Hakuna aliyemkatiza, hakuna aliyemmalizia neno. Ukumbi mzima ulingoja. Akasema: "Mimi nimekuja na ulimi wangu huu huu. Wewe ni jirani yangu, nayajua madoa yako. Mbona umekuja umefunikwa?"

Dada, nilitamani goti linizamishe chini ya kiti. Nabiha aliitazama mikono yake. Kisha akasema, bila karatasi: "Nimefichwa, na nimekubali kufichwa. Mkinichagua leo, mtakuwa mmemchagua aliyenipaka." Akashuka. Piko halioshwi, hata ukisugua kwa jiwe. Cynthia akashauriana na wenzake, akatangaza kuwa kura imeahirishwa hadi tarehe saba Septemba, piko likiwa limefifia. "Wagombea wote wasimame walivyo," alisema. "Tutangoja."

Nimerudi nyumbani, nimkute nani mlangoni? Bi Afaf, buibui limemkaa upande kwa hasira. "Zakariya! Mwatuuzia mke wa mtu?" Nikamwambia, "Bi Afaf, tulia. Hajaolewa. Ana mbalanga, piko lilikuwa la kuificha." Akanitazama kama aliyeona panya ndani ya biriani. Akasema: "Bora angekuwa ameolewa."

Nabiha alikuwa ngazini. Alisikia.

Nimekuwa nikicheka maisha yangu yote, dada. Tangu Jumamosi sijaweza.

Nduguyo,
Zakariya


Maskati
21 Agosti 2024

Zakariya,

Salamu zote zimekwisha leo.

Posa imekufa. Bi Afaf amenipigia, amenitukana kwa adabu, na matusi ya adabu ndiyo yanayochoma zaidi. Nani aliyekupa ruhusa ya kulitaja jina la ugonjwa ule mlangoni? Hukuweza kusema ni urembo tu wa shangwe? Wewe mtu wa maneno elfu, siku uliyotakiwa kusema uongo mmoja ukageuka sheikh!

Na huyo binti. "Aliyenipaka!" Mbele ya watu! Nililia naye usiku kucha kwenye simu ili nimwokoe, malipo yake ni kunisimamisha jukwaani nami sipo?

Nimemkatia tiketi. Jumamosi, tarehe saba Septemba, alasiri. Najua ni siku gani, ndiyo maana nikaichagua. Huku kuna madaktari, na kuna watu wasiomjua. Wewe kazi yako ni kumfikisha uwanja wa ndege. Hilo tu. Hata wewe utaliweza.

Dadako,
Swafia


Mji wa Kale
8 Septemba 2024

Swafia,

Salamu. Goti usiliulize. Mzaha leo sina, niliutafuta asubuhi dukani nikaukosa.

Maandishi yako nilimpa Nabiha ayasome mwenyewe, na tiketi. Ana miaka ishirini, si mzigo wa kupakiwa. Aliyasoma amesimama. Akaniuliza, "Mama ataka kuniona, ama ataka nisionekane?" Akanirudishia simu. "Akitaka kuniona, ndege inayokwenda huko ndiyo inayorudi huku."

Jana alivaa dera la mikono mifupi. Piko limebaki kama majivu, na weupe wake umetokea wazi katikati. Akahutubia. Hotuba ilikuwa ndefu vilevile. Alisema habari za maji ya Tononoka, na za wazee wa mtaa wanaotaka vijana siku ya kubeba viti lakini si siku ya kukata shauri. Nilijiangalia nikaona mzee anayesemwa ni mimi. Wakampigia kura, wakamchagua. Menza ndiye msaidizi wake.

Saa ile ndege yako ilipokuwa ikiondoka, mwanao alikuwa mlangoni akigombana na mkodishaji viti wa Makadara, aliyetaka kuvikusanya watu wangali wamekaa. "Tumevikodi hadi magharibi," alimwambia. "Ukitaka kumwondoa mtu, anza na mimi." Yule bwana mzima aliketi.

Sasa nikwambie langu, na unisamehe kwa kuwa wewe ni mkubwa, au usinisamehe. Bi Afaf alisema bora angekuwa mke wa mtu. Wewe, mamake, umesema nini kilicho tofauti, ila wewe ulisema huku ukilia? Neno sitara usilitumie tena kwangu. Sitara ni kumfunika mtu makosa yake. Ngozi aliyopewa na Mungu ni kosa la nani? Mtoto ameuliza swali hilo ngazini kwangu, mgongo umenielekea, na mimi nimeshindwa kumjibu kwa sababu yenu nyinyi wawili, wewe na Bi Afaf, na kwa sababu ya woga wangu.

Hapokei simu zako. Mimi sitamlazimisha.

Zakariya


Maskati
26 Oktoba 2024

Zakariya,

Waalaykum salaam, ingawa uliitupa salamu yako kama mfupa. Mwanakuu hajambo?

Bado nina hasira na wewe. Na Nabiha pia, usimwambie vingine. Bi Afaf alipiga wiki iliyopita kunieleza kuwa Hadi amepata msichana, "msafi", asema. Nikampa hongera. Kisha nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, mpaka yeye ndiye akakata simu.

Mara nyingi nimeanza kumwandikia Nabiha, nikafuta. Naanza vizuri, nikifika kwenye mikono nakwama, kwa kuwa siijui. Nilipoondoka lilikuwa doa moja, ncha ya kidole cha shahada, dogo kama punje ya mchele. Nilikuwa nikilibusu. Sasa mbalanga imefika wapi? Usoni imefika? Yawasha? Jua la kaskazi laja, litamuunguza? Kuna anayempaka mafuta, au ajipaka mwenyewe?

Usinijibu wewe. Kesho baada ya alasiri nitapiga simu yako. Mwambie ni mimi, asije akadhani umemtega. Akitaka kunigombeza, anigombeze. Umpe simu, kisha wewe utoke nje.

Mama Nabiha