Duara ya mawe kwenye njia ya Niemba

Jumamosi. Upepo wa ziwa unavuma tangu asubuhi, mabati ya jirani yanapiga makofi, na goti langu la kushoto limetangaza mvua. Goti langu halijawahi kukosea. Mimi mwenyewe nimekosea sana.

Leo nimefanya mambo mawili ambayo niliapa sitayafanya tena. Nimepuliza firimbi. Na nimemuangalia Mama Zaina machoni.

Kwa wale wapya humu: mimi ni muzee wa Kalemie. Nilikuwa mupima mizigo bandarini. Shule niliiacha primaire ya tano, kwa sababu mwalimu na mimi hatukukubaliana nani kati yetu ni mwalimu. Blog hii alinifungulia mujukuu wangu Neema, miaka kumi na tatu, kwenye simu ambayo inakuwa ya kwangu wakati wa kuichaji tu.

Neema njo sababu ya maandishi ya leo. Kesho anakula kiapo cha skuti. Mutu wa familia anapaswa kumufunga fulari, kile kitambaa cha shingoni, na ameniomba mimi. Mama yake, binti yangu Furaha, amesema wazi: babu akikataa, Neema haendi, na habari ya skuti iishe katika nyumba hii. Furaha anajua kwa nini ninaweza kukataa. Neema hajui.

Wiki mbili nimemujibu kwa mizaha. Nimemuambia skuti ni watu wanaojifunza kufunga kamba bila mbuzi. Nimemuambia wanaimba vibaya na wanatembea mustari mumoja kama siafu wanaotafuta sukari. Anacheka, halafu anauliza tena: "Babu, utanifunga ao hapana?"

Nikamuambia nitajibu Jumamosi. Jumamosi njo leo.

Asubuhi nilishuka Kituku, kwenye mwalo, nijionee hao skuti wanafanya nini. Boti ilikuwa imefika kutoka kaskazini, imejaa watu wanaokimbia vita. Mama na magodoro. Wazee na kuku. Watoto wadogo wasio na mutu, wamekaa kimya kama mizigo iliyosahauliwa na mwenyewe. Ile sura ya mutoto asiyelia ninaijua. Kila vita inayokuja inaileta ileile.

Katikati ya watu hao nikaona fulari za bluu, vijana kama ishirini, musichana kwa muvulana. Hawa wanabeba maji. Hawa wanamuuliza kila mutoto jina lake, jina la mama yake, kijiji chake, na wanaandika kwenye daftari. Wengine wanapita kati ya akina mama wakitaja majina hayo polepole, mpaka mama mumoja anainua kichwa na kupiga kelele, na kuko mutoto mumoja ambaye si mzigo tena.

Nilisimama pale nikajifanya ninapanguza miwani.

Shefu wao ni Kasongo. Sasa ni mutu muzima, mwenye kipara na tumbo. Na hapa lazima niseme ile ambayo sijawahi kuandika.

Kasongo alikuwa skuti wangu. Mimi njo niliyeanzisha kikundi cha skuti hapa kwetu, zamani. Nilijifunza kwenye kitabu kimoja ambacho padri mumoja Mzungu aliacha. Kilikuwa cha Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa cha kupima mizigo, basi nilisoma picha. Namna ya kufunga mafundo. Namna ya kuwasha moto kwenye mvua. Na alama za njia: mushale wa mawe, maana yake pita huku. Musalaba wa vijiti, usipite. Duara ya mawe na jiwe moja katikati: nimerudi nyumbani, musinitafute.

Niliwafundisha watoto kumi na wawili. Lakini kitu nilichopenda kuliko vyote kilikuwa firimbi. Fupi, fupi, fupi, ndefu: kusanyika. Nilikuwa ninapanda pale juu karibu na gare, stesheni ya treni, ninapuliza, anayesikia anamuita mwenzake, na watoto wanatoka Lubuye, wanatoka Kataki, wanaacha ugali kwenye sahani. Niliwapima kwa saa yangu ya mukono. Dakika kumi na tano. Halafu kumi. Nilijisikia mukubwa kuliko mukubwa wa bandari.

Kasongo peke yake alikuwa anachelewa kila mara. Alikuwa anakula kwao, halafu anakimbia kula kwa shangazi yake. Nilimuita Shefu Chelewa. Watoto walimucheka, na mimi nilicheka zaidi.

Halafu vita ikaja, ile ya wakati Zaire ilikuwa inakufa. Askari waliingia muji. Siku ya tatu kamanda wao akanikuta pale gare. Hakunishikia bunduki. Ninaandika hivyo makusudi, kwa sababu watu wengi wanafikiri alinishikia bunduki, na mimi miaka yote nimewaacha wafikiri.

Alinipa sigara. Akasema, "Papa, ninasikia uko na vijana wenye nidhamu. Ningependa kuwaona."

Alisema tu angependa kuwaona.

Mimi nikapuliza.

Dakika saba. Walikuwa hawajawahi kufika kwa dakika saba. Kumi na mumoja, wamenyooka, fulari shingoni, wanahema. Nilimuonyesha kamanda saa yangu. Hiyo njo picha inayonirudia: mukono wangu umenyooshwa, ninamuonyesha saa.

Kamanda akasema ni vizuri sana. Akawaambia wageuke kulia, wakageuka. Akawaambia watembee, wakatembea. Walifuata njia ya treni upande wa Niemba, na bado walikuwa wanaimba wimbo wangu. Mukubwa wao, Idi, mutoto wa Mama Zaina, alinigeukia mara moja. Alikuwa anangoja firimbi. Kuko firimbi nyingine niliyowafundisha, ndefu mbili: tawanyikeni, mujifiche. Ilikuwa mudomoni mwangu. Askari walikuwa wengi.

Sikupuliza.

Kasongo alifika vumbi lilipokuwa limeshatulia, mikono bado ina mafuta ya samaki ya shangazi yake. Nikamupiga kofi. Nikamuambia amenitia haya mbele ya mukubwa. Hivyo njo nilivyomupokea mutoto pekee niliyebakiziwa.

Siku mbili baadaye Mama Zaina alikuja kwangu. Ni wa wale Waislamu wa ziwani ambao mababu zao walifanya biashara na Kigoma, mama wa maneno machache. Alikuwa ameshafunga kitenge kiunoni kwa safari. Alisema twende. Tukafuata reli kwa miguu.

Na Idi alikuwa ametuachia njia. Mutoto yule. Katika kokoto za reli, mahali ambapo askari hatazami, mushale wa mawe. Tunatembea mpaka jua linahama, mushale mwingine. Mama Zaina hakujua alama hizo, mimi njo nilimusomea. Kila mushale alikuwa anauinamia na kuugusa kwa vidole, kama mutu anayepima homa kwenye paji la uso. Nilikuwa na kiburi bado. Katika ile safari, nisamehewe, nilikuwa na kiburi kwamba mwanafunzi wangu anafanya vizuri.

Siku ya tatu, karibu kufika Niemba, pembeni ya daraja dogo, hatukukuta mushale. Tulikuta duara ya mawe. Jiwe moja katikati.

Akaniuliza linasema nini.

Nikamuambia, "Linasema amerudi nyumbani."

Sijawahi kuona mutu anageuka haraka vile. Alifikiri mutoto ametoroka, amepita porini, pengine ameshafika. Alirudi karibu akikimbia, miguu imepasuka. Alipofika kwake alipika wali na samaki, akaosha shuka, akafungua mulango. Mulango ule ulikuwa wazi mwezi muzima, mchana kutwa.

Kati ya kumi na mumoja, watatu walirudi miaka ya baadaye, wanaume wasiopenda kusalimiwa. Wanane hapana. Idi ni mumoja wa wale wanane.

Na sasa niandike ile ambayo hata Furaha haijui. Katika kitabu cha padri, ukurasa wa mwisho kabisa, ile duara ilikuwa imechorwa mara ya pili. Ilikuwa juu ya kaburi. Skuti akifa, wenzake wanamuwekea alama hiyohiyo: amerudi nyumbani. Watoto wangu walikuwa wameuona ukurasa ule.

Nilijua. Pale darajani nilijua. Mutoto anayetoroka hana muda wa kupanga mawe vizuri hivyo, na duara ile ilikuwa imepangwa vizuri sana, jiwe kwa jiwe, kama kazi ya watoto kumi wanaosaidiana. Lakini mama alikuwa ananitazama mudomo. Nikachagua maana moja, ile nyingine nikaimeza. Pengine nilitaka iwe kweli. Pengine nilikuwa nimechoka kutembea. Hatukutazama ng'ambo ya daraja. Hatukuchimba. Tulirudi.

Bado ninaiona. Nikimwaga maharagwe kwenye meza kuchagua mawe, mukono wangu unayapanga duara peke yake.

Basi turudi Kituku, leo asubuhi.

Nilipokuwa ninapanguza miwani, gari likasimama. Akashuka bwana mumoja, miwani nyeusi, viatu visivyojua matope. Alisema anaandikisha vijana wa kulinda inchi. Alizitazama fulari za bluu kama mununuzi anavyotazama mbuzi. Mutu fulani akamunongoneza kwamba yule muzee njo mwanzilishi. Akaja kwangu na tabasamu.

"Papa, ninaona uko na vijana wenye nidhamu. Waite kidogo niwaone."

Maneno yaleyale. Hata sigara alinipa.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Ninyi hamukuwa pale, ningeweza kuwadanganya. Lakini firimbi ile imekaa mufukoni mwangu miaka yote, na mutu akinisifu mukono wangu unaingia mufukoni wenyewe. Nilipuliza. Fupi, fupi, fupi, ndefu. Nyuma ya sauti ile nilisikia miguu inakimbia kutoka Lubuye.

Hakuna aliyekuja.

Waliinua vichwa tu, wote ishirini. Wakatazama. Halafu Neema, aliyekuwa anabeba maji nao ingawa hajala kiapo, akaweka ndoo chini, akaja peke yake, bila haraka, kama mutu anayeenda kuangalia kama sufuria imechemka.

"Babu, nani anaita? Wewe ao huyu?"

Nikamuambia kweli. "Huyu."

"Anatupeleka wapi?"

Bwana akasema hilo si swali la mutoto. Neema akamuangalia, akamupa shikamoo yake vizuri kabisa, akarudi kwenye ndoo. Wale wengine wakainama tena kwenye daftari zao. Bwana akamugeukia Kasongo, akauliza nidhamu iko wapi.

Kasongo akajikuna kipara. "Njo hii, mukubwa."

Akina mama wa boti walicheka, wale waliokuwa bado na nguvu ya kucheka. Gari likaondoka.

Baadaye Kasongo akaniambia kwamba njo fundisho la kwanza analowapa, kabla ya fundo, kabla ya moto: anayekuita, muulize yeye ni nani na unaenda wapi, na kama hasemi, endelea na kazi yako. Nimesikia habari za fundisho hilo miaka mingi. Nililicheka. Nilisema Shefu Chelewa anafundisha uvivu. Sikujiuliza alilitoa wapi. Alilitoa kwenye shavu lake, pale nilipomupiga.

Vijana wa leo wana watu wengi wa kuwaita. Wenye magari, wenye bunduki, wenye simu, wenye kuahidi. Mutu akiniuliza skuti inafaa nini siku hizi, nitasema sijui kitabu, lakini nilimuona mutoto mumoja akitembea polepole.

Nilipogeuka kuondoka, Mama Zaina alikuwa nyuma yangu na beseni lake la mikeke. Anauza samaki pale kila siku, na kila siku ninapita upande mwingine. Alikuwa ameona yote, na alikuwa ameisikia firimbi. Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya samaki.

Akasema, "Mujukuu wako anajua kuuliza. Mimi sijakuuliza kitu."

Nikamuangalia machoni, nikangoja aulize. Akaendelea kupara magamba. Nikarudi nyumbani kwa njia ndefu.

Neema ananizunguka sasa hivi, anajifanya anafagia. Nimemuita nikamuambia nitamufunga fulari. Hakupiga kelele. Aliuliza kwanza kama nimekubali mwenyewe ao mama yake amenilazimisha. Kasongo ameniharibia mutoto kabisa.

Firimbi nimeitia kwenye kopo la misumari.

Kiapo ni saa tatu kamili, na Kasongo, mwenye kuchelewa wa zamani, ameniomba nisichelewe. Lakini nyumba ya Mama Zaina iko njiani, na nina neno moja la kumusomea, lile la ukurasa wa mwisho. Nimelibeba miaka hii yote, na nikilihesabu halijazi dakika saba. Atakachofanya baada ya kulisikia ni haki yake. Akinifungia mulango, nitakaa nje.

Basi nitachelewa. Wakiniuliza mbele ya watu, nitasema ni goti.