Maji Ndani ya Kable ya Luano

Yaya Ngoie wangu,

Jambo sana kwenu huko Mitwaba. Mama na yale magoti yake, anaamka namna gani? Batoto bako baliisha kupona kikohozi? Miye mwili iko muzima, lakini roho inaniuma, na weye njo muntu peke naweza kuambia.

Unamujua Odette, tulikuja naye kujifunza kazi ya kable ya umeme, na tunapanga naye chumba kimoja hapa mujini, mutaa wa Kenya. Chef wetu wa kazi alimuchagua yeye kuunga kable kubwa ya chini ya udongo kule Luano. Miye akaniweka kumupokezesha bitambaa! Yaya, tulianza siku moja. Hata kuwasha moto ya gazi, miye njo nilimufundisha.

Juzi mvua ikanyesha, shimo ikajaa matope. Ile kazi adui yake ni maji. Unasafisha shaba, unakausha, unavalisha manchon, ule mupira wa kufunika maungio, kisha unaupitishia moto polepole mpaka unabana. Maji kidogo ikibakia ndani, umeme ikipita tu, kable inapasuka na kuunguza mwenye kuwa karibu. Odette alikuwa anavuta manchon, nikaona tone kati ya nyuzi za shaba. Yeye hakuona. Nikaendelea kumupokezesha bitambaa. Nilitaka afunge vile vile, ipasuke, bote bajue.

Halafu nikaona bafundi bengine bamesimama mule mule ndani ya shimo. Kinywa ikafunguka yenyewe: "Odette, iko maji."

Akashituka. Tukakata kipande, tukakata tena, mpaka shaba ikatoka kavu.

Balipopima na umeme, kable ikakubali. Chef akamupiga Odette begani mbele ya bote: "Bravo! Uliona maji mbele ya kufunga. Uko na macho!"

Odette akaniangalia. Kisha akasema: "Merci, chef."

Basi. Bantu bakapiga makofi. Na miye nikapiga.

Njiani akaniuliza: "Umekasirika?"

"Juu ya nini?"

Akaanza kuimba. Sasa banasema batamupa kikosi chake.

Kesho tuko tena shimo moja. Nikiona maji, Yaya, sijui kama nitasema.

Unisalimie shemeji, na Baba mudogo mushona viatu, na Mama mukubwa wa kanisani. Na mama ya Odette akipita hapo nyumbani kusifu mutoto wake, umupe kiti, umusikilize mpaka amalize. Usimuambie kitu.

Ni miye mudogo wako, mwenye kukukumbuka kila siku,
Masengo